Breki za gari la zamani: tafuta presha inakopotelea kabla hujanunua diski

Ukifika Kisekka, soko la vipuri katikati ya Kampala, ukasema Peugeot 404 yako ya miaka ya sitini haishiki breki, utaletewa kalipa, yaani kibano cha breki za diski, kabla hujamaliza maelezo. Zipo tele, zimetoka Japani ndani ya Corolla na Corona zilizokatwakatwa, na hukosi mtu wa kukuahidi kwamba atazichomelea mabano na jioni utaondoka na gari la kisasa. Mpango huo unavutia kwa sababu una kitu cha kushika mkononi. Kasoro yake ni kwamba hakuna aliyeuliza kwa nini breki zilizokuwa zikifanya kazi zimeacha kufanya kazi.

Na zilikuwa zikifanya kazi vizuri. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, enzi ambazo mashindano hayo yalipita hadi Uganda, na 404 za miaka hiyo zilikuwa bado na dramu, yaani ngoma za chuma zinazobanwa kwa ndani, kwenye magurudumu yote manne. Gari hilohilo likishindwa leo kusimama kwenye taa za Wandegeya, dramu si mshukiwa wa kwanza. Washukiwa ni raba zilizokauka, hosi zilizoziba kwa ndani, mafuta yaliyonyonya maji, na shu (vipande vinavyoibana dramu) ambazo hazijarekebishwa tangu gari libadilishe mwenyewe. Ukifunga diski juu ya matatizo hayo, unayahamisha tu kutoka chuma kimoja kwenda kingine.

Hivyo nitaanza na ugonjwa, dawa baadaye. Na nitakapofika kwenye uboreshaji, nitaweka mbele kitu ambacho wauzaji hawakitangazi sana, yaani masta (silinda kuu ya breki) ya njia mbili.

Kutoka mguuni hadi kwenye dramu

Breki za mafuta zinategemea kanuni moja: kimiminika hakishindiliki, na presha ukiitia mahali pamoja inafika ileile kila mahali. Blaise Pascal aliieleza karne ya 17. Malcolm Loughead alipata hataza ya breki za namna hii huko Marekani mwaka 1917, na mwaka 1921 Duesenberg ikaziweka kwenye magurudumu yote manne ya gari la kuuza. Morris Minor na Land Rover zilipotoka mwaka 1948, mpangilio ulikuwa umeshatulia: pedali inasukuma kijiti, kijiti kinasukuma pistoni ya masta silinda, mafuta yanapita kwenye paipu za chuma na hosi za mpira, na kwenye kila gurudumu wili silinda inazitanua shu zibane dramu.

Tuchukue namba. Mguu wako unakanyaga kwa nguvu ya kilo 30. Pedali ni wenzo, na ikiwa inazidisha nguvu mara 6, pistoni ya masta inasukumwa kwa kilo 180. Masta yenye kipenyo cha milimita 19 ina eneo la karibu sentimita 2.85 za mraba, kwa hiyo kwenye paipu kuna presha ya takriban kilo 63 kwa kila sentimita ya mraba. Zishike namba hizo, tutazihitaji kwenye sehemu ya masta kubwa.

Dramu ina ujanja wake mmoja. Shu ya mbele, ile ambayo dramu inapozunguka inaikokota na kuikaza ndani, hujibana yenyewe zaidi ya ilivyosukumwa. Ndiyo maana gari la zamani la dramu linaweza kusimama bila busta yoyote, yaani kifaa cha kuongezea nguvu ya mguu. Ndiyo maana pia tofauti ndogo kati ya kulia na kushoto, tone la grisi tu, inageuka mvuto mkubwa kwenye usukani. Diski haina ujanja huo: inabana kwa kadiri ilivyosukumwa, basi.

Pedali ina safari fupi, na vitu vitatu vinaweza kuila safari hiyo kabla presha haijapanda: nafasi kati ya shu na dramu, hewa ndani ya mafuta, na mafuta yanayokimbia. Kila kimoja kinajitambulisha kwa namna yake chini ya mguu.

Mguu unavyopima

Pedali ikishuka mbali mara ya kwanza, kisha ukipampu mara mbili tatu ikapanda na kuwa ngumu kabisa, hewa haipo. Shu ziko mbali na dramu. Dawa yake ni spana na bisibisi, wala hulipii kipuri chochote. Volkswagen Beetle ina magurudumu madogo ya meno mawili kwenye kila breki, unayazungusha kwa bisibisi kupitia tundu. Land Rover fupi ya Series ina bolti nyuma ya sahani ya breki inayozungusha kipande kilichopinda kama konokono. Kaza mpaka gurudumu ligome, kisha legeza kidogo hadi lizunguke likikwaruza kwa mbali. Kama hujui kama tatizo liko mbele au nyuma, na hendibreki ya gari lako inasukuma shu za nyuma, vuta hendibreki hadi mwisho kisha kanyaga. Pedali ikipanda juu kuliko kabla, nafasi iliyokuwa ikiila iko nyuma, kwa sababu hendibreki imezisogeza shu za nyuma karibu na dramu.

Pedali ikipanda kwa kupampu lakini ikabaki inadunda kama mpira, hapo kuna hewa. Hewa hushindilika, mafuta hayashindiliki. Swali linalofuata, ambalo gereji nyingi huliruka, ni hewa hiyo imeingilia wapi. Mfumo mzima hauzalishi hewa. Ama kopo la mafuta liliachwa likakauka, ama raba ya wili silinda ina ulegevu unaovuta hewa pedali inaporudi ingawa haivuji mafuta unapokanyaga. Ukitoa upepo leo na Jumapili pedali ikadunda tena, acha kutoa upepo, kagua raba.

Ya tatu ndiyo inayoua masta nyingi zisizo na hatia. Pedali inashika, lakini ukiendelea kuikanyaga kwenye foleni inazama taratibu hadi sakafuni. Mazungumzo ya kawaida huwa haya:

“Mzee, masta imekufa.”

“Umejuaje, fundi?”

“Si unaona inazama?”

Kuzama kuna maana mbili: ama raba za ndani ya masta zinapitisha mafuta kurudi kwenye kopo, ama mafuta yanatoka nje mahali fulani. Kopo likipungua, mafuta yanatoka nje. Tazama nyuma ya kila gurudumu kwa ndani, funua vifuniko vya mpira vya wili silinda, na kwenye Beetle inua zulia karibu na pedali, maana masta ikivuja kwa nyuma mafuta hutambaa hadi miguuni. Gari lenye busta linaweza kuyameza mafuta bila kuacha tone chini, kwa kuwa mafuta yanafyonzwa kupitia busta na kuungua kwenye injini, ukabaki kushangaa moshi mweupe. Kopo lisipopungua kabisa na pedali bado inazama, hapo fundi amesema kweli, na masta inahitaji raba au kubadilishwa.

Kuna njia ya kumaliza ubishi. Fungua paipu kwenye masta, ziba matundu yake kwa plagi zenye nyuzi sahihi, kanyaga. Pedali ikiwa juu na ngumu kama jiwe, masta ni nzima. Rudisha paipu moja, kanyaga tena, kisha nyingine. Sehemu itakayoilegeza pedali ndiyo yenye kosa. Wengine hubana hosi kwa kibano badala ya kuziba masta. Hosi mpya inaweza kuvumilia kibano cha mviringo. Hosi ya miaka mingi itapasuka kwa ndani na kukuletea ugonjwa mwingine.

Pedali ngumu ambayo haisimamishi gari ni hadithi tofauti, kwa kuwa presha ipo. Kinachokosekana ni msuguano, au msaada wa busta. Busta unaipima hivi: zima injini, kanyaga mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, ishikilie hapo, washa injini. Ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposhuka, kagua mpira unaotoka kwenye injini na valvu yake kabla ya kulaumu busta. Kwa gari lisilo na busta, fungua dramu. Lainini, tabaka la msuguano lililobandikwa kwenye shu, ikiwa inang'aa kama kioo imeungua. Lainini nyeusi yenye unyevu imepata mafuta, ama kutoka wili silinda ama kutoka kwenye oil sili ya ekseli. Kuiosha kwa petroli na kuirudisha ni mchezo wa siku mbili, joto likipanda mafuta yaliyozama ndani yatatoka tena. Peleka shu zikabandikwe lainini mpya, na upande wa pili ubadilishwe pia.

Hapo kwenye dramu, tahadhari moja. Lainini nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Desturi ya kupuliza dramu kwa kompresa ndiyo mbaya kuliko zote. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa chenye maji, kitupe kitambaa.

Hosi inayodanganya

Gari likivuta upande mmoja, au breki zikikataa kuachia, watu hufikiria shu na springi. Mara nyingi mkosaji ni hosi ambayo kwa nje inaonekana nzuri. Tabaka la ndani la mpira huvimba na kuchanika, kipande kinaning'inia ndani na kufanya kazi ya mlango wa upande mmoja. Mguu wenye nguvu unapitisha mafuta kwenda, lakini springi za shu hazina nguvu ya kuyarudisha. Gurudumu linabaki limebana, linapata moto, na ukisimama kula Lukaya unasikia harufu.

Kulipima ni rahisi. Inua gurudumu lililobana, kanyaga na uachie pedali, kisha legeza nipo ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, presha ilikuwa imefungiwa ndani. Lisipokuwa huru, kosa ni la chuma: pistoni iliyoshika kutu, au kebo ya hendibreki isiyorudi. Kama presha ilifungiwa, rudia jaribio lakini safari hii legeza paipu kabla ya hosi, upande wa masta. Gurudumu likiendelea kubana, hosi ndiyo mwongo.

Magurudumu yote manne yakibana pamoja, achana na hosi, nenda kwenye masta. Ndani yake kuna tundu dogo sana linaloruhusu mafuta yaliyotanuka kwa joto kurudi kwenye kopo. Kijiti cha pedali kikirefushwa hadi kisiwe na uwazi wa karibu milimita moja kabla ya kugusa pistoni, tundu hilo linazibwa muda wote. Gari linatoka Bweyogerere likiwa jepesi na kufika Mukono likijikokota lenyewe. Watu hurefusha kijiti ili pedali iwe juu, wakiikwepa kazi ya kurekebisha shu.

Mafuta

Mafuta ya kawaida ya breki, DOT 3 na DOT 4, yanapenda maji. Yanayanyonya kutoka kwenye hewa kupitia kopo na hata kupitia mpira wa hosi. DOT 3 kavu inatakiwa ichemke si chini ya nyuzi 205, lakini ikishabeba maji ya asilimia 3.7 kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Katika nchi yenye mvua na unyevu wa mwambao wa Ziwa Viktoria, chupa iliyofunguliwa na kuachwa kwenye rafu ya gereji si akiba tena. Nunua chupa ndogo, tumia, inayobaki itupe. Gari la zamani linalolala sana libadilishiwe mafuta yote kila miaka miwili, hata kama halijatembea, kwa kuwa maji yale yale ndiyo yanayokula kuta za silinda na kuziachia vishimo vya kutu.

Wapo wanaomimina mafuta ya injini au ya gia otomatiki mafuta ya breki yakikosekana safarini. Raba za breki huvimba zikiguswa na mafuta ya petroli ya aina yoyote, na zikivimba haziponi. Ukinunua gari na huamini kilichomo kwenye kopo, chukua tone ulitie kwenye glasi ya maji. Mafuta halisi ya DOT 3 au DOT 4 yanachanganyika na maji. Yakielea, ama ni mafuta ya injini au gia, ama ni silikoni. Kama ni ya injini au gia, hakuna njia ya mkato: kila raba na kila hosi inatoka, paipu zinasafishwa kwa spiriti, unaanza upya. Citroën DS za baadaye zina mafuta yao ya kijani ya LHM, na kwao ndiyo sahihi. Usiyapeleke kwenye gari jingine wala usiyapeleke ya kwetu kwao.

DOT 5 ni silikoni. Hainyonyi maji wala hailambi rangi ya gari, kwa hiyo wenye magari ya maonyesho wanaipenda. Haichanganywi na nyingine, na maji yakiingia hujikusanya chini kabisa, ndani ya silinda, palepale usipoyataka. Na DOT 5.1, licha ya jina, si silikoni, ni ndugu wa DOT 4. Kwa gari linalotembea Uganda, DOT 4 inatosha kabisa.

Mteremko wa Kanaba

Hapa ndipo breki za zamani zinapofikia ukomo wake wa kweli. Gari la kilo 1,000 likishuka mita 400 kwa wima linaachia nishati ya karibu megajuli 4. Kama yote ingeingia kwenye dramu nne zenye jumla ya kilo 24 za chuma, zingepanda joto zaidi ya nyuzi 300. Upepo unachukua sehemu, na injini itachukua sehemu kubwa ukiingiza gia ya chini kabla ya kuanza kushuka. Lakini barabara ya Kabale kwenda Kisoro, inapoteremka kutoka Kanaba, au ile ya Kapchorwa kushuka kuelekea Mbale, haikupi muda wa kupoza.

Kushindwa kwenye mteremko kuna sura tatu, na ni muhimu kujua uliyokutana nayo. Pedali ikirefuka taratibu lakini ukipampu inashika, dramu zimetanuka kwa joto na kuzikimbia shu. Pedali ikiwa juu na ngumu huku gari likiteleza, lainini zimepoteza msuguano. Pedali ikizama ghafla hadi sakafuni, mafuta yamechemka na umebaki unashindilia mvuke. Hiyo ya tatu ina hila: inaweza kutokea dakika chache baada ya kusimama, kwa sababu joto la dramu linaendelea kuingia kwenye silinda wakati hakuna upepo. Unapumzika kupiga picha za milima, unarudi, pedali haipo. Ya kwanza inatibika kwa diski, ya pili kwa diski au kwa lainini bora. Ya tatu inatibika kwa chupa moja ya DOT 4 mpya.

Mwinuko unaidhoofisha pia busta. Busta inafanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya nje na ombwe la injini. Kwenye usawa wa bahari hewa inasukuma kwa karibu kilopaskali 101. Kampala, mita 1,200 hivi, ni karibu 88. Kabale, karibu mita 2,000, ni kama 80. Msaada wa busta unashuka kwa moja ya tano au zaidi, na injini iliyochoka ina ombwe dhaifu tangu mwanzo. Dereva anayeshuka kutoka Kabale akihisi pedali imekuwa nzito hajakosea.

Kuboresha, kwa utaratibu wangu

Magari mengi ya kabla ya miaka ya sabini yana njia moja tu ya mafuta. Hosi moja ikipasuka, magurudumu yote manne yanapoteza breki kwa mkanyago mmoja. Masta ya njia mbili ina pistoni mbili zilizofuatana, kila moja na kopo au chumba chake, moja ya mbele na nyingine ya nyuma. Njia moja ikifa, pedali inashuka sana lakini nusu ya breki inabaki. Hakuna diski ya aina yoyote inayokupa usalama huo. Kwa Beetle kazi ni nyepesi, kwa kuwa kiwanda chenyewe kilihamia njia mbili mwaka 1967 na masta hiyo inakaa mahali pa ile ya zamani. Unahitaji kopo lake na paipu moja ya ziada. Kwa Land Rover za Series II, wengi hutumia masta na busta ya Series III pamoja na sanduku lake la pedali. Morris Minor ni kichomi, kwa sababu masta imejificha ndani ya fremu chini ya miguu ya dereva, na wengi huihamishia kwenye ukuta wa injini kwa bano la kutengeneza. Bano hilo likipinda kidogo tu unapokanyaga, umerudisha pedali ya kudunda bila hewa yoyote. Liwe nene.

Sasa zile namba. Ukichukua masta ya milimita 22.2 badala ya 19, eneo linapanda kutoka sentimita 2.85 hadi 3.88 za mraba. Kilo 180 zilezile zinatoa presha ya 46 badala ya 63. Pedali itakuwa fupi na ngumu, utaisifu gari likiwa limesimama, na ukiingia barabarani utagundua unahitaji nguvu zaidi ya theluthi moja kupata breki ileile. Masta kubwa bila busta huwa hatua ya kurudi nyuma. Pima kipenyo kilichochorwa kwenye mwili wa masta, usinunue kwa umbo.

Jambo jingine linaloangusha kazi nyingi ni nyuzi za nati. Magari ya Kiingereza yanatumia inchi, aghalabu nati ya paipu ya 3/8, yaani milimita 9.5. Vipuri vya Japani vinatumia M10, yaani nyuzi za milimita 10. Nati ya 3/8 inaingia kwenye tundu la M10, inazunguka, hata inaonekana imekaza, kisha presha ya kwanza kubwa inaing'oa. Na usidhani M10 na M10 ni ndugu: paipu ya Toyota imekunjwa mdomo mara mbili kwa ndani, paipu ya Volkswagen ina mdomo wa kitunguu. Nyuzi zinakubaliana, viti havikubaliani, na mafuta yanatambaa. Tengeneza paipu mpya yenye nati na mdomo unaofaa kila upande. Aloi ya shaba na nikeli inakunjika vizuri na haishiki kutu. Paipu iliyopasuka haichomelewi.

Baada ya masta ya njia mbili, hosi mpya zote, silinda zisizo na vishimo (wakereza vyuma wa Katwe wanaweza kuzivika bomba la chuma cha pua zikirekebishika), na dramu zilizopigwa skimu (kukerezwa upya kwa ndani) bila kupita kipimo chake, gari nyingi zinaishia hapo na mwenyewe anashangaa. Dramu inayoweza kufunga gurudumu imeshafikia uwezo wa tairi. Diski haitafupisha umbali wa kusimama, kwa sababu kinachobaki kushika ni mpira na lami.

Diski zinastahili kwa anayeshuka milima mara kwa mara, anayebeba mzigo, au anayevuka maji, maana diski inajikausha kwa mizunguko michache wakati dramu inabaki na maji ndani. Weka mbele tu. Datsun 240Z, aina ambayo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishindia Safari ya 1973, ilitoka kiwandani na diski mbele na dramu nyuma. Unapokanyaga, uzito unahamia mbele, na nyuma panabaki pepesi. Breki kali za nyuma zinafunga kwanza na mkia unakupita. Na pendelea diski za ndugu wa gari lako kuliko za Toyota: Volkswagen iliweka diski za mbele kwenye Beetle 1500 kuanzia Agosti 1966, Peugeot kwenye 404 za mwisho. Hizo kwa kawaida zinafungwa bila kuchomelea. Kama lazima utumie kalipa ya kigeni, bano lichongwe kwenye mashine na lifungwe kwa bolti ngumu, na rimu ijaribiwe kwanza, kwa kuwa rimu za inchi 13 mara nyingi zinagusa kalipa.

Kuna kidude ndani ya masta ya dramu kinachosahaulika. Ni valvu inayobakisha presha ndogo kwenye paipu, chini ya kilo moja kwa sentimita ya mraba, ili raba za wili silinda zisivute hewa. Kwenye dramu, springi zinaishinda presha hiyo. Diski haina springi za kurudisha, hivyo pedi zinazoibana zitabaki zikisugua hadi ziungue. Tumia masta iliyotengenezwa kwa diski mbele, au itoe valvu hiyo kwenye njia ya mbele na uiache kwenye ya nyuma. Na kwa kuwa diski haijibani yenyewe, busta huwa karibu lazima, isipokuwa kwa magari mepesi kama Beetle.

Kutoa upepo na kujaribu

Kwa gari la usukani wa kulia, kawaida ni kuanza nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia: kutoka mbali na masta kuja karibu. Bomba la plastiki liingie kwenye chupa yenye mafuta kidogo, kopo lisikauke. Msaidizi asikanyage hadi sakafuni. Kwenye masta ya zamani, sehemu ya mwisho ya silinda haijaguswa kwa miaka na ina kutu. Raba ikipelekwa huko inachanika, na ndiyo maana masta nyingi hufa siku ileile zilipotolewa upepo. Kipande cha mbao chini ya pedali kinatosha kuizuia.

Upepo ukigoma kutoka baada ya kufunga kalipa, tazama nipo ziko wapi. Lazima ziwe juu kabisa ya kalipa. Ya kulia ikifungwa kushoto, nipo inakuwa chini, na hewa inabaki juu ikikucheka hata ukimaliza lita nzima.

Jaribio la kwanza lifanyike uwanjani, si Entebbe Road. Kanyaga kwa nguvu gari likiwa limesimama, shikilia, mtu mwingine akague kila nati na kila hosi usukani ukiwa umekatwa kulia hadi mwisho, kisha kushoto, kwa sababu hosi ndefu hugusa tairi hapo tu. Endesha taratibu kwenye tambarare, simama mara kadhaa bila kukanyaga hadi mwisho ili pedi na lainini zikubaliane na chuma. Kisha tembea kilomita chache ukiigusa breki kidogo iwezekanavyo, simama kwa hendibreki, na upeleke kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Lililo moto kuliko wenzake bado linabana, na utarudi kwenye hosi, kijiti cha pedali na ile valvu. Yakiwa sawa, acha gari lilale usiku mmoja, asubuhi tazama kopo na sakafu kabla ya kuwasha injini.